Kiolezo Hakitoi Ushahidi: Maandiko ya Miradi, Serikali na Akili Unde

Katika zama zetu hizi mlango wa serikali haufunguliwi kwa hodi ya mdomo peke yake. Hufunguliwa kwa karatasi, na siku hizi kwa karatasi isiyoshikika mkononi, inayopelekwa kwa mtandao. Kikundi cha akina mama kinachotaka mkopo wa halmashauri hutakiwa kulete katiba yake, muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama na mchanganuo wa mradi. Kijana fundi seremala anayetaka kutengeneza madawati ya shule ya serikali hutakiwa ajisajili katika mfumo wa ununuzi wa umma, kisha aijibu zabuni sharti baada ya sharti. Asiyejua kuandika, wala hana wa kumwandikia, hubaki nje hata kama mikono yake inaijua kazi kuliko wote walioingia.

Kwa muda mrefu pengo hilo lilizibwa na vibanda vya steshenari. Mwenye kibanda huwa na andiko moja la kale katika kompyuta yake. Akija mteja, hufuta jina la kikundi kilichotangulia, akaandika la kikundi kipya, akapokea ujira wake. Mara nyingine husahau kufuta mahali pamoja, na kikundi cha ufugaji wa kuku kikajikuta katika ukurasa wa nne kinaomba cherehani. Sasa amekuja mwandishi mwingine, mwepesi kuliko mwenye kibanda na asiyechoka: akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Humo ndani ya simu, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, huandika kurasa kumi zilizonyooka zisizo na kosa la herufi hata moja.

Je, tumkaribishe mwandishi huyu au tumfukuze? Rai yetu ni kwamba tumkaribishe, lakini asiingie mikono mitupu na asiachwe peke yake. Apewe kiolezo tulichokijenga wenyewe, kilichojaa taarifa zetu za kweli, na kila alichokiandika kisomwe na wale watakaobeba dhima yake. Bila ya hayo, wepesi wake utatuletea deni, aibu na milango iliyofungwa.

Fursa iliyo mbele yetu

Tusije tukadhani kwamba jambo hili ni la wasomi wa mijini. Nchini Tanzania, tangu mwaka 2018, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii haina riba, na hilo peke yake latosha kuwafanya wasomaji wetu wengi waitazame kwa jicho jingine, kwa kuwa wapo waliojiepusha na mabenki miaka yote na wakakosa mtaji.

Lakini historia ya mikopo hiyo ina funzo. Mwezi Aprili 2023 serikali iliisitisha ili utaratibu wake upitiwe upya, baada ya kasoro za utoaji na urejeshaji kutajwa katika ripoti za ukaguzi. Ikarejeshwa mwaka 2024 kwa kanuni mpya. Maana yake ni kwamba makosa ya waliotangulia, wakiwamo walioomba kwa mipango isiyotekelezeka, yaliwafungia mlango hata wale waliokuwa wakweli. Katika mambo ya umma, uongo wa mmoja hulipwa na wengi.

Ipo pia fursa ya zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imeendeleza utaratibu wa kuyatengea makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, sehemu ya manunuzi ya serikali, nayo ni asilimia 30. Kenya nako kuna utaratibu unaofanana na huo kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kwa kiwango hicho hicho cha asilimia 30. Tanzania mambo hayo hupitia mfumo wa kielektroniki uitwao NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Haki imeandikwa katika sheria. Aliyekosa ni mwenye kuiandikia barua. Basi ni juu yetu tujifunze kuandika.

Jambo hili si geni

Wapo wanaodhani kwamba kiolezo ni uvivu, au ni aina ya kughushi, kwamba mkweli huandika kila andiko upya kutoka mwanzo. Hao hawajapata habari za waliotutangulia. Katika vitabu vya Kiarabu imo fani nzima iitwayo shurut, fani ya kuandika hati. Imamu Abu Jaafar at-Tahawi wa Misri, aliyefariki mwaka 933 Miladia, aliandika vitabu katika fani hiyo. Ndani yake zimo hati za kuuza, za kukodisha, za wakfu na za deni, zimeandikwa kamili na kuachwa nafasi ya majina. Waandishi wa fani hiyo walichagua maneno ya tahadhari, neno moja moja, ili hati isije ikatenguliwa na kadhi mwenye rai tofauti na ya kadhi mwenzake. Hayo ni yale yale yanayotupasa leo: kuandika kwa namna ambayo mkaguzi yeyote, mwenye moyo laini au mgumu, hataona pa kuikamata hati yetu.

Katika nafasi ya majina waliandika nini? Waliandika fulani bin fulani. Neno hili tunalolitamka kila siku katika Kiswahili chetu limetoka katika Kiarabu, na katika vitabu hivyo lilifanya kazi ya kiolezo: mahali patupu panapongoja mtu wa kweli. Kila tunaposema fulani, tunatumia chombo cha makarani wa kale bila ya kujua.

Baadaye alikuja al-Qalqashandi, karani wa diwani ya barua za serikali mjini Cairo, aliyefariki mwaka 1418. Kitabu chake Subh al-A'sha alikikamilisha mwaka 1412, na kilipochapwa katika zama zetu kilijaa juzuu 14. Humo mna elimu ya karatasi na wino, jiografia ya nchi, vyeo vya watu na namna ya kumwandikia kila mwenye cheo, pamoja na mifano mingi ya barua na hati za dola. Kwa nini dola kubwa iliyojaa wanazuoni ihitaji vielelezo? Kwa sababu kazi ya serikali hujirudia, na kinachojirudia kikiandikwa upya kila siku huzaa makosa mapya kila siku.

Lakini wale wazee walielewa jambo moja ambalo sisi tunakaribia kulisahau. Hati, hata iandikwe kwa ustadi wa namna gani, haikutosha kuwa hoja peke yake mbele ya kadhi. Nguvu yake ilitokana na mashahidi: watu wenye majina, wanaojulikana mtaani kwa ukweli wao, waliosimama na kusema kuwa waliyoyaona ndiyo yaliyoandikwa. Kiolezo kilipanga maneno. Ushahidi ulitolewa na wanadamu. Mpaka huo ndio tunaotaka uwekwe baina yetu na akili unde.

Mwandishi asiyejua kusema sijui

Ili tuelewe hatari iliyopo, yatupasa tujue mashine hii hufanya kazi vipi. Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, nazo hujenga sentensi kwa kukadiria neno gani linafaa kufuata baada ya yaliyotangulia. Zina ustadi wa sura ya maneno. Hazina daftari la mambo ya kikundi chako. Ukiiambia, "Tuandikie mchanganuo wa mradi wa kuku," inajua kwamba michanganuo huwa na idadi ya kuku, bei ya chakula, asilimia ya faida na uzoefu wa wanachama. Wewe hukuitajia chochote katika hayo. Basi nayo hujaza. Hujaza vizuri, kwa sauti ya yakini, na hapo ndipo penye msiba.

Asidhani mtu kwamba wanaoanguka katika shimo hili ni wanyonge tu. Mwaka 2025 kampuni kubwa ya ushauri, Deloitte, iliiandikia wizara moja ya serikali ya Australia ripoti iliyogharimu dola za nchi hiyo zipatazo 440,000. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney aliisoma akakuta imetaja vitabu na makala zisizokuwapo, na imenukuu maneno ya hukumu ya mahakama ambayo hayakuwamo katika hukumu. Ripoti ikasahihishwa, ikakiri kwamba akili unde ilitumika, na kampuni ikarejesha sehemu ya malipo. Ikiwa kampuni yenye wataalamu wa kila fani imefikwa na haya, itakuwaje kwa kikundi cha watu watano chenye simu moja?

Huko Marekani mwaka huo huo yalitokea mengine. Taasisi za Taifa za Afya, ambazo hutoa fedha za serikali kwa utafiti wa tiba, ziligundua kwamba baadhi ya watafiti wanaleta maombi mengi kupita kiasi. Mmoja alileta zaidi ya 40 katika awamu moja. Taasisi hizo zikatoa tangazo mwezi Julai kwamba kuanzia tarehe 25 Septemba 2025 mtafiti hataruhusiwa kuleta maombi zaidi ya sita kwa mwaka, na kwamba andiko ambalo kwa sehemu kubwa limetungwa na akili unde halitahesabiwa kuwa ni fikra ya mwombaji. Tazama mambo yalivyofanana na yale ya mikopo yetu! Wachache walichezea wepesi wa chombo, na wote wakawekewa mpaka.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba wingi wa maandiko ni wingi wa riziki. Afisa Maendeleo ya Jamii anayepokea maandiko thelathini, yote yakianza kwa maneno yale yale matamu na kuahidi faida ile ile, hatayasoma kwa moyo. Ataanza kuyashuku yote, na la kwako la kweli litakuwa limezikwa katikati yake.

Kiolezo hujengwaje

Tukisema kiolezo hatukusudii andiko la kibandani lililofutwa jina. Tunakusudia chombo chenye sehemu tano, ambacho kikundi au msikiti au shule ya madrasa yaweza kukitunza na kukitumia mwaka baada ya mwaka.

Kwanza, daftari la ukweli. Huu ndio msingi. Kabla ya kuigusa simu, kikundi kikae na kiandike kwa mkono mambo yake: jina kama lilivyo katika cheti cha usajili, tarehe ya kusajiliwa, idadi ya wanachama, akiba iliyopo benki, vifaa vilivyopo, kazi zilizokwisha kufanyika na ushahidi wake, bei zilizoulizwa sokoni na siku zilipoulizwa. Kila mstari uwe na aliyeuthibitisha. Mstari usiokuwa na shahidi usiingie. Daftari hili ndilo litakalokuwa chakula cha mashine, na mashine isile kingine.

Pili, sehemu zisizobadilika. Historia ya kikundi, malengo yake, safu ya uongozi, na namna fedha zinavyolindwa ni mambo yanayoulizwa katika kila ombi. Yaandikwe mara moja, kwa Kiswahili cha watu wenyewe, yakubaliwe na kikao, kisha yasiguswe na mashine isipokuwa kwa kufupisha. Kuna faida nyingine katika hili. Programu hizi zimesoma Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, na mara nyingi Kiswahili chake kina harufu ya tafsiri. Andiko likianza kwa maneno yenu, mashine nayo hulazimika kuyafuata.

Tatu, sehemu zenye mapengo. Hapa ndipo mahali pa fulani. Kiasi kinachoombwa, muda wa mradi, soko, bajeti, marejesho: yote hayo yaachwe wazi, kila pengo likiwa limetajwa jina lake waziwazi, mathalani IDADI YA VIFARANGA au BEI YA MFUKO. Pengo lililotajwa jina humwaibisha aliyelisahau. Pengo lisilo na jina hujazwa na mashine kimyakimya.

Nne, jedwali la masharti. Serikali nayo ina violezo vyake. Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma imeweka nyaraka sanifu za zabuni, na halmashauri zina fomu zake za mikopo. Kiolezo chetu hakipo juu ya hivyo. Kipo chini yake. Basi kwa kila tangazo jipya lichorwe jedwali la safu tatu: sharti linasema nini, jibu letu lipo ukurasa gani, na uthibitisho wake ni hati ipi. Waandishi wa zabuni za serikali kuu ya Marekani wameifuata desturi hii kwa miaka mingi, kwa kuwa nyaraka zao za zabuni hutenga mahali maalumu pa maelekezo ya kuandika na mahali pengine pa vigezo vya kupima. Akili unde yaweza kusaidia sana katika kuyachambua masharti na kuyapanga, na kwa hakika hii ndiyo kazi inayoifaa kuliko zote, maana haihitaji kubuni. Hata hivyo, mtu mmoja alisome tangazo lenyewe mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa sharti moja lililorukwa hulitupa ombi zima.

Tano, maagizo kwa mashine na saini za wanadamu. Maagizo yaandikwe mara moja na yatumike kila siku. Yaweza kuwa hivi: "Tumia taarifa zilizomo katika daftari hili tu. Usiongeze idadi, tarehe, jina wala sifa isiyokuwamo. Pale taarifa inapokosekana andika neno HAIPO, kisha endelea. Mwishoni orodhesha kila mahali ulipoandika neno hilo." Maagizo haya hupunguza uzushi lakini hayaumalizi. Ndiyo maana ukurasa wa mwisho wa kiolezo uwe na majina ya watu wawili: aliyekagua hesabu na aliyekagua maneno, pamoja na tarehe. Pasipo na saini hizo, andiko lisitoke.

Tunaongeza tahadhari moja. Namba za vitambulisho vya taifa, namba za simu, akaunti za benki na habari za maradhi au ulemavu wa mwanachama zisiingizwe katika programu hizi. Mara nyingi kinachoandikwa humo huhifadhiwa katika mitambo iliyo nje ya nchi. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, na siri ya mwanachama ni amana hata kabla ya sheria. Mahali pa majina andikeni Mwanachama wa Kwanza, Mwanachama wa Pili. Majina ya kweli yajazwe kwa mkono baadaye.

Mfano wa hesabu

Huenda msomaji akasema, haya ni maneno makubwa. Kosa dogo la mashine litaleta madhara gani? Natuchukue mfano. Kikundi kinataka kufuga kuku wa nyama 500. Daftari lake linasema kila kuku atakula kilo 4 mpaka siku ya kuuzwa, mfuko wa chakula una kilo 50 na bei yake ni shilingi 80,000. Hesabu ni nyepesi: kuku 500 kwa kilo 4 ni kilo 2,000, yaani mifuko 40, na gharama yake ni shilingi 3,200,000.

Sasa tuseme kikundi hakikuipa mashine daftari hilo, nayo ikakadiria mifuko 25. Andiko linapendeza, jedwali limenyooka, kamati inapitisha. Fedha zinaingia. Wiki ya nne chakula kinakwisha, na mifuko 15 haina mwenyewe. Hiyo ni shilingi 1,200,000. Tena mashine ilihesabu kwamba kuku wote 500 watauzwa, na mfugaji yeyote anajua kwamba wapo watakaokufa. Wakifa 25 tu, na bei ya mmoja ni shilingi 8,000, zimepotea nyingine 200,000. Jumla pengo ni shilingi 1,400,000. Nani atalilipa? Programu haina dhamana. Mwenye steshenari amekwisha pokea ujira wake. Watakaolipa ni akina mama watano waliotia saini, na wakishindwa, jina la kikundi linachafuka, na vikundi vya mtaa mzima vinatazamwa kwa jicho la wasiwasi katika awamu inayofuata.

Kosa hilo mtu mwenye kalamu na dakika tano angeliliona. Haya ndiyo tunayoyasema: mashine imeondoa uzito wa kuandika, haikuondoa wajibu wa kuhesabu.

Majibu kwa wanaopinga

Wapo ndugu zetu wanaosema kwamba kutumia chombo hiki katika ombi la serikali ni udanganyifu wa asili, kwa kuwa maneno si ya mwombaji. Tunaiheshimu hofu yao, lakini hatuafikiani nayo kwa ujumla wake. Miaka yote mwenye kusoma amemwandikia asiyesoma, na hakuna aliyemwita mwongo mzee aliyeandikiwa barua na mjukuu wake, maadamu barua ilisema alichokusudia. Kinachoharamisha ni uongo uliomo, si mkono ulioshika kalamu. Hata hivyo, pale ambapo tangazo limekataza au limetaka matumizi ya akili unde yatajwe, hapo hapana mjadala: sharti lifuatwe.

Wapo wengine wa upande wa pili, vijana hasa, wanaotuambia kwamba daftari, jedwali na saini ni mizigo ya kizamani, kwamba mashine mpya haikosei. Hao tunawauliza: mkifika mbele ya kamati, na mjumbe akauliza, "Bei hii ya soko mmeipata wapi?" mtamjibu nini? Mkisema mashine ndiyo iliyosema, mmeanguka. Mkisema tulikwenda sokoni siku fulani tukamwuliza fulani, mmesimama. Andiko lisiloweza kutetewa kwa mdomo wa mwenyewe si lake.

Na wapo wanaoona kwamba wakitengeneza kiolezo kizuri wakifiche, wakiuze, kiwe riziki yao. Hatumzuii mtu kula kwa kazi yake. Lakini mahali ambapo fursa ya umma hufikiwa na aliyelipa tu, masikini ameondolewa kwa mara ya pili: mara ya kwanza kwa kukosa mtaji, mara ya pili kwa kukosa maneno ya kuuombea.

Nini kifanyike

Rai yetu kwa jamaa za misikiti ni nyepesi wala haihitaji fedha nyingi. Kila mahali penye vikundi vinavyoomba mikopo au zabuni, wachaguliwe watu watatu: mmoja anayejua kompyuta, mmoja aliyewahi kufanya biashara yenyewe, na mmoja mwenye lugha. Wakusanye maombi yaliyopita, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, wajenge kiolezo kimoja kwa kila aina ya ombi. Kiwekewe tarehe na namba ya toleo, ili pasiwe na mtu anayetumia cha mwaka juzi wakati kanuni zimebadilika; na sote tumeona zilivyobadilika baina ya 2023 na 2024.

Ombi likikataliwa, sababu iulizwe na iandikwe. Mzabuni asiyefanikiwa ana haki ya kujulishwa kwa nini, na afisa wa kata akiulizwa kwa adabu husema. Sababu hiyo irudi katika kiolezo, ili kosa moja lisiwapate watu wawili. Hii ndiyo tofauti ya kiolezo kilicho hai na andiko la kibandani: kimoja hujifunza, kingine hurudiwa.

Tena madrasa zetu zinaweza kufanya zaidi. Tunawafundisha vijana kuhifadhi, na hilo ni jema. Tuwafundishe pia kuandika barua ya maombi, kusoma jedwali la bajeti, kuhakiki namba, na kuuliza kila sentensi, "Nani ameshuhudia haya?" Mwanafunzi aliyezoea kuuliza habari imepokewa kutoka kwa nani, na huyo naye aliipokea kwa nani, anayo tayari zana ambayo wakaguzi wa Australia waliihitaji. Asione kwamba elimu yake haina mahali mbele ya simu yenye akili unde. Mahali pake ni pale pale pa muhakiki.

Na kwa watumishi wa halmashauri wanaotusoma, tunaomba jambo moja. Wekeni fomu zenu na vigezo vyenu wazi, kwa Kiswahili chepesi, katika mbao za matangazo za kata na katika mtandao, pamoja na mfano mmoja wa ombi lililo sahihi. Kigezo kilichofichwa ndicho kinachomsukuma mwananchi kwa dalali na kwa mashine. Kilichowekwa wazi humrudisha kwenye ukweli wake mwenyewe.

Ndugu wasomaji, makarani wa Cairo walikufa na diwani yao ikafungwa, lakini lile pengo waliloliachia fulani bado lipo katika kila fomu tunayoijaza. Mashine ya leo inaweza kulijaza kwa jina lolote na namba yoyote, kwa sekunde moja. Sisi ndio tunaojua ni nani anayestahili kuandikwa hapo, ana kuku wangapi, na amewahi kulipa deni au la. Kikao kijacho cha kikundi chenu, kabla ya mtu kufungua simu, fungueni daftari.